Kazi ya Mshauri Mwandamizi wa Masomo Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mwanafunzi anayezama haji ofisini. Anayegonga mlango ni yule mwenye GPA (wastani wa pointi za masomo) ya 4.2 anayetaka kujua afanyeje afike 4.4. Mwenye 1.9 amejifungia hosteli, au amekwisha kurudi kwao Kahama na simu ameizima. Ukilielewa hilo siku ya kwanza, utaipanga kazi yako yote kwa namna nyingine kabisa: badala ya kukaa ukisubiri, utaamka kuwatafuta.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliyekabidhiwa barua ya kuwa mshauri mwandamizi wa masomo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo cha hapa Tanzania. Barua hiyo mara nyingi ina mistari mitatu na haielezi kazi yenyewe. Nimeifanya kwa miaka mingi, na naipenda.

Kwanza, jua ofisi yako inaishia wapi

Vyuoni kwetu kuna Mshauri wa Wanafunzi, anayeshughulikia malazi, nidhamu, afya na serikali ya wanafunzi. Wewe ni mshauri wa masomo: kozi, kanuni za mitihani, maendeleo ya mwanafunzi tangu anasajiliwa hadi anavaa joho. Majina yanafanana, kwa hiyo watakuja kwako na la kitanda, na la kubebana chumbani (kumlaza mwenzako asiye na chumba), na la kadi ya bima. Usimrudishe mtu mlangoni. Msikilize dakika tano, mwandikie jina la ofisa na namba ya chumba, na ikiwezekana piga simu mbele yake. Mwanafunzi aliyezungushwa ofisi tatu hatafika ya nne.

Jambo la pili: huna mamlaka ya kubadili alama. Alama zinapita kwa mwalimu wa kozi, idara, bodi ya mitihani, kisha Seneti. Liseme hilo mapema na kwa upole, maana wapo wanaoamini mshauri mwandamizi anaweza "kuongea na mtu". Ukiwaacha waamini hivyo kwa wiki moja tu, umewapotezea wiki ambayo wangeitumia kusoma au kuandika rufaa.

Neno "mwandamizi" lina maana pia kwamba chini yako kuna washauri wengine, kila mmoja na kundi lake. Hao nitawarudia.

Zijue kanuni na hesabu zake kichwani

Chukua kanuni za mitihani za chuo chako uzisome neno kwa neno, kisha uzisome tena kila mwaka zinapofanyiwa marekebisho. Mwanafunzi akikuuliza jambo ukamjibu kwa kukisia, atalifuata, na gharama itakuwa yake.

Hesabu za msingi ni hizi. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu inafika 360. Mweleze mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hesabu hiyo kwa lugha ya maisha yake: kozi ya krediti 12 ni saa 120. Akiwa na kozi tano semista hii, ni saa 600. Gawanya kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Vipindi vya darasani huenda havifiki hata nusu yake. Nimewaona vijana wakinyamaza ghafla wanapoona namba hiyo, kwa sababu walidhani ratiba yenye nafasi nyingi wazi ni ratiba nyepesi.

GPA yetu ni ya pointi 5. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha pointi kwa krediti za kila kozi, jumlisha, gawanya kwa jumla ya krediti. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na ufaulu wa kawaida 2.0. Kwa anayewaza mbele, mweleze kwamba vyuo vingi hutaka angalau 2.7 kwa shahada ya umahiri, na kwamba anayeota kubaki chuoni kama TA, yaani mkufunzi msaidizi, anahitaji 3.8.

Sasa mfano ambao nimeurudia mara nyingi mno. Binti amemaliza mwaka wa kwanza na 2.3, anataka kuhitimu na 3.5. Kama mzigo wa miaka yote mitatu ni sawa, anahitaji jumla ya 10.5, ana 2.3, zimebaki 8.2 kwa miaka miwili, yaani 4.1 kila mwaka. Hiyo ni B+ katika kozi zote na A kadhaa juu yake. Je, inawezekana? Inawezekana, lakini ni safari tofauti sana na anayelenga 2.7, ambaye anahitaji 2.9 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi, mbele yake, kalamu ikiwa mkononi mwake. Usimwambie "ukijitahidi utafika tu." Kumtia moyo bila namba ni kumdanganya, na atakuja kujua siku ya matokeo.

Chora ramani ya programu

Kwa kila programu unayoisimamia, chora kwenye karatasi kubwa kozi zote za miaka yote, za lazima na za hiari, na mishale inayoonyesha kozi ipi inafungua mlango wa ipi. Ibandike ukutani.

Ramani hii itakufunulia kitu ambacho kitabu cha mwongozo cha chuo hakisemi waziwazi: kozi nyingi hutolewa mara moja tu kwa mwaka. Mwanafunzi akifeli kozi ya semista ya kwanza, akafeli na sapu (mtihani wa marudio), akaibeba kama keri (kozi ya kurudia baadaye), atasubiri hadi mwaka mwingine. Kama ni kozi inayofungua nyingine mbili za mwaka wa tatu, mwaka mzima unaweza kuongezeka kwa sababu ya kozi moja. Hapo ndipo utaona kwamba kozi za mwaka hazilingani kwa uzito, hata kama krediti zao zinalingana. Mwenye nguvu chache azielekeze kwenye ile yenye mishale mingi. Katika vyuo vingi, anayefaulu sapu hurekodiwa C hata kama karatasi yake ilistahili A, kwa hiyo mwonye yule anayesema "nitaiachia sapu nijiandae vizuri."

Wiki ya saba ndiyo wiki yako

Vyuo vingi hugawa alama 40 za kosiweki (majaribio na kazi za semista) na 60 za UE, mtihani wa mwisho wa semista. Maana yake ni kwamba ifikapo katikati ya semista, majaribio ya kwanza yakiwa yamesahihishwa, unayo dalili. Wengine wanasubiri matokeo ya bodi ya mitihani ndipo waite wanafunzi. Wakati huo anachoweza kufanya mshauri ni kutoa pole.

Mwishoni mwa wiki ya sita waombe walimu wa kozi za lazima vitu viwili tu: orodha ya waliopata chini ya nusu kwenye jaribio la kwanza, na orodha ya ambao hawakufanya. Orodha ya pili ndiyo muhimu zaidi. Aliyepata 6 kati ya 20 bado yupo. Ambaye hakufanya huenda ameshaondoka moyoni.

Kwenye wiki ya saba, tafuta majina yanayojirudia katika orodha mbili au zaidi. Hao usiwabandikie tangazo ubaoni wala kuwaita kwenye kundi la WhatsApp la darasa, maana ukishawataja hadharani hawaji. Piga simu mwenyewe. Simu isipopokelewa, mwombe CR (kiongozi wa darasa) amwambie faraghani kwamba mwalimu fulani anamtafuta kwa jambo jema. Nimegundua maneno "jambo jema" yanafungua mlango kuliko "unaitwa ofisini", neno ambalo tangu sekondari linamkumbusha fimbo.

Akija, fanyeni tena hesabu. Ana 14 kati ya 40. Ili afikishe 40 za kufaulu anahitaji 26 kati ya 60 za UE. Ili apate B, yaani 50, anahitaji 36. Mtu aliyeamini kwamba ameshafeli, akiona 26 kwenye karatasi, mabega yake hushuka. Nimeliona hilo mara nyingi, na bado linanigusa.

Mazungumzo yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

"Nimekuja kuuliza tu, hivi inawezekana kubadilisha programu?"

Lile neno "tu" lisikupite. Swali dogo ni kisingizio cha kuingia. Kubwa liko nyuma yake. Ukimjibu kuhusu dirisha la uhamisho, masharti ya alama za kidato cha sita na fomu, umejibu sahihi na umemkosa. Mimi hujibu kwa kifupi kwamba taratibu zipo na tutazitazama, kisha namwambia: "Hebu nisimulie wiki yako. Anza na Jumatatu asubuhi."

Usiulize "kwa nini unafeli?" Swali hilo lina jibu moja tu, "sijasoma vya kutosha madam", nalo halikusaidii. Uliza ya kushikika: umelala wapi jana, umeamka saa ngapi, umepanda magari mangapi hadi hapa, umekula nini, desa (nakala za masomo) unazipata wapi, unasoma na nani. Binti aliyekuja na swali la kubadilisha programu alinieleza, kufikia siku ya Jumatano ya wiki yake, kwamba kila jioni anakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa cha mjomba wake huko Mbezi hadi saa nne usiku, kwa sababu mjomba ndiye anayemlaza na kumlisha. Programu haikuwa tatizo kamwe. Tulichofanya ni kumpanga kwenye kundi la semina za mchana, na akaongea na mjomba ili Jumamosi awe huru. Hakubadilisha programu.

Zungumza Kiswahili. Masomo yetu ya chuo ni kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetafuta maneno ya Kiingereza mbele ya mwalimu hawezi wakati huohuo kukueleza maumivu yake. Lugha yenyewe ni sababu ya kufeli kuliko tunavyokubali. Wengi wa mwaka wa kwanza wanaijua mada ila hawajaelewa swali linataka nini: linataka ulinganishe, ueleze chanzo, au utetee msimamo? Kaa naye na karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, mpigie mstari kitenzi cha kila swali, muulize kwa Kiswahili kinamtaka afanye nini. Nusu saa ya zoezi hilo humsaidia kuliko hotuba ya saa mbili kuhusu bidii.

Funga kila mazungumzo kwa jambo moja la kufanya na siku ya kurudi. Jambo moja, si saba. Andika yote mawili kwenye karatasi, mpe nakala.

Bumu, ada na yasiyosemwa

Pesa haizungumzwi kirahisi, hasa na kijana wa kiume. Lakini ukiuliza "umekula nini" utafika huko.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea bumu (pesa ya kujikimu) kwa awamu, na lazima asaini kwa wakati. Pesa isiyosainiwa hatimaye hurudi Bodi. Hakikisha kila mwanafunzi unayemsimamia anamjua ofisa mikopo wa chuo kwa sura. Mkumbushe pia kwamba mkopo unafuata maendeleo ya masomo: chuo hupeleka taarifa Bodi, na anayeahirisha au kurudia mwaka bila taarifa zake kufika huko atakuja kukwama. Wengi wa vijana hawa wanatuma sehemu ya bumu nyumbani kwa wadogo zao. Usimkemee kwa hilo. Msaidie kupanga kiasi, na aanze na chakula chake mwenyewe.

Kuahirisha ni haki, lakini ina mlango na saa

Kijana wa mwaka wa pili katika kundi langu alifiwa na baba yake wiki moja kabla ya UE. Alipanda basi usiku uleule. Hakuandika barua, hakumwambia mtu, na mimi sikuwa nimewahi kuwafundisha cha kufanya jambo kama hilo likitokea. Aliporudi baada ya arobaini, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioacha mitihani bila ruhusa, na kudisko kwake (kuondolewa chuoni) kulikuwa kumeshapitishwa. Barua ya nusu ukurasa ingemwokoa. Kosa lile nalihesabu kuwa langu.

Tangu hapo, siku ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza nawafundisha hili kabla ya lingine lolote, nalirudia wiki moja kabla ya kila UE: ukiumwa, ukifiwa, ukijifungua, ukipata ajali, omba ruhusa ya kuahirisha KABLA ya mtihani. Ukishindwa kuandika, tuma ujumbe kwa mshauri wako. Yeye ataanzisha, wewe utaleta vielelezo: cheti cha hospitali kilichothibitishwa na kituo cha afya cha chuo, au barua ya serikali ya mtaa. Anayeahirisha kwa kibali huja kufanya mtihani kama mara ya kwanza, na alama yake kamili. Anayejikaza akaingia na homa, akafeli, ana sapu. Asiyetokea kabisa bila kibali, kanuni humchukulia kuwa ameacha. Njia hizo tatu zinaanza na siku ileile ya ugonjwa, ila zinaishia mahali tofauti kabisa.

Mambo ya kumkabidhi mwingine

Mwanafunzi akikuambia mwalimu anamtaka kimapenzi ili ampe alama, usimpime ukweli wake, usiende "kumaliza kiofisi" na mwenzako, na usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mwache aseme, andika kwa maneno yake, mwambie asifute ujumbe wowote kwenye simu, kisha ongozana naye hadi dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU kama ameridhia. Nenda naye kwa miguu yako. Wengi hugeuka njiani wakiwa peke yao.

Anayezungumzia kujidhuru asiondoke ofisini peke yake. Piga simu kituo cha afya au mnasihi wa chuo akiwa bado ameketi, na ukae naye mpaka wafike. Mikutano mingine yote itasubiri.

Wazazi nao watapiga. "Mimi ni baba yake, nataka matokeo yake." Mwanafunzi ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda. Lakini huwezi kumjibu mzee kwa kifungu cha sheria ukaishia hapo. Mimi husema: "Mzee wangu, nashukuru umepiga, inaonyesha unamjali. Matokeo yake atakuonyesha mwenyewe, nami nitamwomba akupigie leo." Kisha namtafuta kijana nimwambie baba amepiga. Mara nyingi simu hiyo ya baba na mwana ndiyo iliyokuwa inahitajika tangu mwanzo.

Washauri walio chini yako

Usiwagawie wanafunzi kwa alfabeti. Gawa kwa programu na mwaka, ili mshauri mmoja aijue vizuri ramani moja, na abaki na kundi lake hadi lihitimu. Mshauri mpya asikilize mazungumzo yako mawili au matatu, kwa ridhaa ya mwanafunzi, kabla hajaachiwa lake.

Kutaneni mara mbili kwa semista: kabla ya wiki ya saba na baada ya bodi ya mitihani. Mkutano usizidi saa moja. Kila mmoja alete kesi moja iliyomshinda. Na uitetee mizigo yao kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, maana ushauri wa masomo ni kazi inayokula kimyakimya saa za utafiti, na mhadhiri kijana anayeifanya vizuri hucheleweshwa kupanda cheo huku anayeikwepa akisonga.

Kumbukumbu ziwe fupi: tarehe, kilichokubaliwa, siku ya kurudi. Ya moyoni usiyaandike kwenye faili ambalo kesho litasomwa na mwingine.

Wiki ya matokeo

Usisafiri wiki hiyo. Siku matokeo yanapotoka, uwe umeshaandaa karatasi moja yenye mambo matatu: siku ya mwisho ya kukata rufaa na ada yake, tarehe za sapu na namna ya kujisajili, na saa ambazo mlango wako uko wazi. Mpe CR wa kila darasa aisambaze usiku uleule, kwa sababu uvumi nao unasambaa usiku uleule.

Kisha shika orodha yako ya wiki ya saba, uilinganishe na matokeo. Waliovuka, watumie ujumbe mfupi wa pongezi; wataukumbuka miaka. Waliokwama, anza kupiga simu kuanzia chini ya orodha, kwa aliye na wastani mdogo kuliko wote. Huyo asipopokea mara ya kwanza, piga tena jioni, saa moja, wakati ambao kwa kawaida mtu yuko karibu na simu yake.